Namna ya Kusoma Bango la Filamu ya Kutisha

Kila filamu mpya ya kutisha inapokaribia kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Nairobi, mabango yake hutangulia kufika, na maneno hufuata. Bango hubandikwa penye ngazi za jumba la maduka, pengine karibu na mahali ambapo watoto hununuliwa aiskrimu, na kabla ya filamu yenyewe kutazamwa na mtu yeyote, picha ya bango hilo inakuwa imeshasambazwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ya waumini wa kanisa moja na ya wapangaji wa ploti moja. Wapo wanaosema kwamba ni uchafu uliotengenezwa ili kushtua watu tu. Wapo wanaoshikilia kwamba ndani yake zimefichwa alama za kishetani zinazopenya akilini bila mtazamaji kujua. Wapo pia vijana wanaosomea usanifu wa michoro ambao hulisifu, lakini ukiwauliza ni kipi hasa kinachowavutia, hupata shida kukitaja. Wote hao wanazungumzia kitu kimoja bila kuwa na msamiati wa kukizungumzia, na ndiyo sababu mjadala huwaka upesi na kuzimika bila mtu kuelewa zaidi ya alivyoelewa mwanzoni.

Tuanze basi na maneno yenyewe. Bango la filamu ni tangazo, la karatasi au la skrini, linalokusanya filamu nzima katika picha moja isiyosogea. Ukubwa uliozoeleka wa mabango ya Marekani, ambayo ndiyo mengi tunayoyaona hapa, ni inchi 27 kwa 40, yaani takriban sentimita 69 kwa 102. Kitovu cha mtazamo ni mahali ambapo jicho hutua kwanza. Nafasi tupu ni sehemu ya bango ambayo msanifu ameiacha makusudi bila kitu. Umbo-kivuli ni mtu au kitu kinachoonyeshwa kikiwa cheusi, chenye mipaka ya mwili lakini kisicho na sura. Kaulimbiu ni sentensi fupi inayowekwa pamoja na jina la filamu ili kuongeza hamu. Kuchanganua bango ni kuuliza, kwa kila kimoja kati ya vitu hivyo, kwa nini kimewekwa pale kilipo na si mahali pengine, na kinamfanya mtazamaji afikirie nini.

Ni muhimu pia kukumbuka kazi ambayo bango limetumwa. Mtu anayetembea kwa haraka katika Moi Avenue, au anayepanda ngazi za umeme akielekea dukani, hulitupia jicho mara moja na kuendelea na safari yake. Katika muda huo mfupi bango linapaswa kumwambia kwamba hii ni filamu ya kutisha, kisha limwachie swali litakalomrudia baadaye. Halina nafasi ya kusimulia kisa, na wala halijaribu. Nchini Ghana, katika miaka ya 1980 na 1990, waendeshaji wa sinema za kuhamahama walizunguka na televisheni, mashine ya video na jenereta, na mabango yao yalichorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kuunganishwa. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu, naye aliweza kuchora nyoka au moto ambao haumo kabisa ndani yake. Hata hivyo watu walilipa na kuingia, kwa kuwa bango liliahidi aina ya hisia, na hisia hiyo waliipata.

Dai langu katika makala haya ni kwamba nguvu ya bango la kutisha inatokana na jinsi linavyougawa ujuzi kati ya watu watatu: mtazamaji, mtu aliyemo ndani ya picha, na kile kitu kinachotisha. Rangi, mwanga na herufi ni vyombo vya kuufanya mgawanyo huo. Anayejua hatari ipo wapi, na asiyejua, ndio wanaoamua iwapo mtazamaji atapita tu au atasimama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bango la Jaws, filamu ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Steven Spielberg. Picha yake ilichorwa na Roger Kastel, na awali ilikuwa jalada la toleo la bei nafuu la riwaya ya Peter Benchley. Inajulikana kwamba Kastel alikwenda katika jumba la makumbusho ya viumbe asilia jijini New York kuwaangalia papa kabla ya kuchora. Juu kabisa kuna jina la filamu kwa herufi nene nyekundu. Chini yake, mwanamke anaogelea akiwa amelala juu ya maji. Chini zaidi, papa anapanda wima kutoka kilindini, kichwa chake kikiwa kikubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwili wa mwanamke, meno yakiwa nje.

Tazama jinsi mstari wa maji unavyoigawa picha iwe dunia mbili. Dunia ya juu ni nyembamba, tulivu, na mwanamke yumo ndani yake akiwa amelala sambamba na mstari ule. Dunia ya chini ni pana, na mwili wa papa ndani yake unafanya pembetatu ambayo ncha yake inaelekea juu. Jicho linashuka kutoka kwenye jina hadi kwa mwanamke, kutoka kwa mwanamke hadi kwa papa, na pua ya papa inalirudisha juu tena kwa mwanamke. Huwezi kumtazama papa bila kuelekezwa tena kwa mwanamke. Bango halikuficha chochote kwetu, maana mnyama tunamwona waziwazi, hata zaidi ya anavyoonekana katika sehemu kubwa ya filamu yenyewe. Aliyefichwa hatari ni mwanamke. Sisi tunajua, yeye hajui, na hatuna njia ya kumwambia. Mtu akiisoma picha hii kwa makini ataona kwamba meno peke yake yasingetosha: ukimwondoa mwogeleaji, inabaki picha ya samaki mkubwa ambayo ingeweza kuwekwa katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi.

Bango la The Exorcist, filamu ya mwaka 1973 kuhusu makasisi wanaokuja kumtoa msichana pepo, linafanya kinyume chake, nami naliona kuwa gumu zaidi kulibuni. Bill Gold, aliyelisanifu, alitumia picha kutoka katika filamu: usiku, mwanamume mwenye kofia na mkoba amesimama chini ya taa ya barabarani mbele ya nyumba, na kutoka dirisha la ghorofani mwanga mkali unamshukia. Mwanamume ni umbo-kivuli, hivyo hatuoni uso wake wala hatujui iwapo anaogopa. Hapa hakuna damu, hakuna jini, hakuna hata kitu kimoja ambacho kikitazamwa peke yake kingemtisha mtoto. Kinachosumbua ni kwamba mwanga umekuja kutoka upande usiofaa. Tumezoea kwamba nuru ni usalama na giza ni hatari, lakini katika picha hii giza liko nje, ambako mtu amesimama salama, na nuru inatoka ndani ya chumba ambamo ubaya unakaa. Mandhari hayo yalitokana na michoro ya René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, aliyechora mara kadhaa nyumba yenye giza la usiku chini ya anga la mchana. Na mgawanyo wa ujuzi umegeuzwa: mwanamume anaonekana kujua amekuja kukabiliana na nini, ilhali sisi ndio tusiojua.

Baada ya mifano hiyo miwili, vipengele vingine huelezeka kwa urahisi zaidi.

Nafasi tupu ndiyo inayodharauliwa sana na wanaoanza kazi hii, kwa sababu mteja anayelipa huona kama karatasi yake imepotezwa bure. Fikiria sebule ya nyumba unayoishi wakati stima inapotea usiku: hakuna kitu kilichoongezwa ndani yake, viti ni vilevile na mlango ni uleule, lakini kila kona ambayo jicho halifiki inakuwa mahali ambapo kitu kinaweza kuwa. Nafasi tupu juu ya bango hufanya kazi hiyohiyo. Msanifu anapomweka mtu mdogo chini ya eneo kubwa jeusi, humkabidhi mtazamaji kazi ya kulijaza eneo hilo, na kila mtu hulijaza kwa hofu yake mwenyewe ambayo msanifu asingeweza kuikisia.

Mwanga ni suala la mwelekeo kuliko la wingi. Jua na taa za nyumbani hutuangazia kutoka juu, kwa hiyo tumezoea kivuli kukaa chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Taa ikiwekwa chini ya uso, vivuli vyote hupanda juu na uso wa mtu unayemfahamu unakuwa mgeni, ingawa hakuna kilichobadilishwa katika sura yake. Pembe kali hufanya kazi inayofanana na hiyo. Utafiti wa Moshe Bar na Maital Neta uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu hupendelea vitu vyenye mikunjo laini kuliko vitu vya aina ileile vyenye kona kali, na wasanifu wa mabango walikuwa wameshalitumia jambo hilo kwa miongo mingi kupitia visu, matawi makavu, makucha na paa zilizochongoka.

Kuhusu rangi, mengi yanayosemwa ni ya kukariri. Husemwa kwamba nyekundu ni damu, na kwamba bila nyeusi hakuna hofu. Nyekundu huchaguliwa mara nyingi kwa sababu rahisi kuliko hiyo: juu ya mandhari meusi au ya buluu iliyoiva, ndiyo rangi inayojitokeza hata ukiwa mbali, kama jina la Jaws linavyojitokeza. Na giza si sharti. Bango la Midsommar, la mwaka 2019, lina mwanamke aliyevikwa shada la maua akilia mchana kweupe, na rangi zake zingefaa kadi ya harusi. Linatisha kwa kuwa rangi zinadai furaha na uso unaikanusha. Mtazamaji hujua kwamba mojawapo kati ya hivyo viwili inadanganya.

Herufi sitazikalia sana. Itoshe kusema kwamba herufi zilizokwaruzwa na zinazochuruzika zimetumiwa mno hata zimepoteza makali, na kwamba mabango mengi ya karibuni yamekimbilia herufi tulivu zenye umbo la maandishi ya Kirumi, hasa zile zinazoitwa Trajan ambazo Carol Twombly alizisanifu mwaka 1989. Maandishi membamba yaliyobanana chini ya bango, ambayo watu wengi hudhani ni mtindo tu, yamebanwa hivyo kwa sababu za mikataba: ukubwa wa majina ya waigizaji na watayarishaji hupimwa kwa kulinganishwa na jina la filamu, na msanifu huyafanya marefu na membamba ili ayatimize masharti bila kuiharibu picha.

Uso, kwa upande mwingine, unastahili kutazamwa kwa utulivu, na kwa msomaji wa Nairobi hakuna mfano bora kuliko bango la Us, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2019, ambalo limebebwa na Lupita Nyong'o, mwigizaji aliyelelewa humu nchini. Uso wake umejaza bango, macho yametumbuka, machozi yanamtiririka, na mkono uliovaa glavu umeshika barakoa yenye sura yake mwenyewe. Hakuna nyumba, hakuna silaha, hakuna mtu mwingine. Katika Jaws tulimjua adui na mwathiriwa hakumjua. Hapa adui na mwathiriwa wana sura moja, na mtazamaji analazimika kuuliza ni yupi aliye wa kweli. Nalihesabu kuwa miongoni mwa mabango bora ya kizazi hiki, kwa sababu limeweka wazo zima la filamu katika uso mmoja bila kufichua kisa. Limeweza pia kulitegemea jicho la binadamu, ambalo weupe wake huonekana wazi kuliko ule wa nyani wengi na hufichua mara moja mtu anapoogopa.

Sasa tunaweza kurejea kwenye imani ya alama zilizofichwa, ambayo inahitaji kujibiwa kwa heshima kwa kuwa ina mizizi hapa kwetu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1999. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa leo, na si ajabu kwamba wanapoona pembe au jicho moja juu ya bango, wanakumbuka yaliyosemwa.

Ukweli una pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba picha zilizofichwa ndani ya mabango zipo kweli. Bango la The Silence of the Lambs, la mwaka 1991, lina nondo aliyetua juu ya mdomo wa mwanamke, na mgongoni mwa nondo kuna fuvu dogo. Ukilikaribia fuvu hilo unagundua kwamba limeundwa kwa miili ya wanawake saba walio uchi. Hiyo ni picha ya Philippe Halsman aliyoitengeneza pamoja na Salvador Dalí mwaka 1951, na ni jambo linalojulikana na kuandikwa waziwazi. Iliwekwa ili anayelitazama bango kwa mara ya pili apate kitu alichokikosa mara ya kwanza, na kitu hicho kinahusu mada ya filamu, yaani miili ya wanawake na kifo.

Upande wa pili ni kwamba kufichwa kwa picha hakuipi uwezo wa kumwamuru mtu. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1957, pale James Vicary, mtaalamu wa matangazo wa Marekani, alipodai kwamba aliongeza mauzo ya bisi na Coca-Cola katika jumba la sinema kwa kumulika maneno kwa muda mfupi usioweza kutambuliwa. Mwaka 1962 alikiri kwamba ilikuwa mbinu ya kujitangaza. Kilichothibitishwa ni kidogo kuliko alichodai: utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2004 ulionyesha kwamba amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na kutambua hatari, huitikia zaidi weupe wa macho yaliyoogopa kuliko wa macho yenye furaha, hata picha ikipita upesi kiasi kwamba mtu hatambui alichokiona. Kwa maneno mengine, bango linaweza kukushtua kabla hujafikiri, lakini haliwezi kukubadilisha imani wala kukutuma ufanye jambo.

Dhana nyingine inayostahili kurekebishwa ni kwamba bango ni sehemu ya filamu iliyokatwa na kubandikwa. Bango la Alien, la mwaka 1979, lina yai lenye ufa unaotoa mwanga wa kijani juu ya mandhari meusi, pamoja na kaulimbiu inayosema kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga mayowe. Yai hilo linafanana na la kuku kuliko mayai yanayoonekana ndani ya filamu. Aliyekwenda kulitafuta alitoka bila kuliona, lakini aliona kile ambacho yai liliahidi: kitu kinachoanguliwa ambacho hakikupaswa kuanguliwa.

Kwa wasanifu wa Nairobi wanaotengeneza mabango ya filamu zetu, hapa pana jambo ambalo nadhani halijapewa uzito unaofaa. Alama za hofu hazisafiri zote. Nyumba ya mbao yenye paa lililochongoka na uwanja wa majani makavu ni hofu ya Marekani; mtazamaji wa Umoja au Kayole anaitambua kwa sababu ameiona katika filamu nyingi, lakini hajawahi kuipita usiku akienda dukani. Bundi, ambaye katika nchi za Magharibi huchorwa kama ishara ya hekima, katika jamii nyingi za Kenya ni mjumbe wa msiba. Kitambaa cheupe kilichofungwa kichwani na miguuni, kwa mtu aliyekulia Mombasa au Lamu, ni sanda, na hakuna haja ya kuongeza damu juu yake. Ngazi za ghorofa zisizo na taa, tangi la maji juu ya paa, mlango wa chuma uliofungwa kwa nje: hivi ni vitu ambavyo mtazamaji wetu ana ujuzi navyo tayari, na bango linalouhitaji ujuzi huo lingemfikia upesi kuliko lile linalomwazimia woga wa watu wengine. Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa kuwa bango la leo huonekana kwanza kwenye simu, likiwa dogo kuliko stempu, ambapo umbo moja linalotambulika hushinda vitu kumi vilivyorundikwa.

Yabaki malalamiko ya wazazi, ambayo mengi ni ya haki ingawa huelekezwa kusikofaa. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya hukagua filamu na hukagua mabango pia. Kuna sababu ya kuvitenganisha. Filamu iliyowekewa alama ya 18 hutazamwa na mtu mzima aliyekata tiketi akijua anachokwenda kukiona, lakini bango la filamu hiyohiyo huonekana na kila apitaye, pamoja na mtoto wa miaka minne aliyeshikwa mkono. Kwa hiyo mzazi anayetaka malalamiko yake yasikilizwe atafaulu zaidi akieleza kwamba uso wa mtoto uliomulikwa kutoka chini, wenye macho meupe matupu, umebandikwa kwenye kimo cha macho ya watoto karibu na mahali pa kuchezea, kuliko akisema tu kwamba bango ni la kishetani. Maelezo ya namna hiyo yanamwonyesha mkaguzi kitu anachoweza kukipima, na yanamwachia mwenye sinema hatua anayoweza kuichukua siku hiyohiyo, hata kama ni kulihamisha bango hadi kwenye lango la ukumbi wa filamu za watu wazima.